Léon Walras: Aliyeanguka mtihani wa hesabu mara mbili, kisha akaiunganisha na uchumi

UKITAZAMA orodha ya kozi za vyuo vikuu msimu wa kuchagua, utaona zile zinazobeba masomo mawili kwa pamoja: uchumi na hisabati, ama uchumi na takwimu. Wengi huziruka haraka. Anayependa uchumi anaogopa ule upande wa hesabu, na mkali wa hesabu anajiuliza uchumi utamwongezea nini. Wengine hujaza tu kwa sababu jina la kozi ni refu na linasikika vizuri mzazi akilitaja kanisani.

Ndoa ya masomo hayo mawili ilikuwa na mshenga. Anaitwa Léon Walras, Mfaransa aliyezaliwa 1834 na kufariki 1910. Ukiingia darasa lolote la uchumi wa juu leo, Nairobi ama Tokyo, utakutana na jina lake kabla muhula haujaisha. Jambo ambalo mhadhiri huenda asikuambie ni kwamba hesabu haikumpenda hata kidogo. Alianguka mtihani kwa sababu yake, akaacha chuo, akazunguka kwenye vibarua miaka kumi na zaidi, na hata alipokuwa profesa alikuwa bado anabisha milango ya wenzake kuomba wamsaidie kutatua maswali.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo usinichukulie kama mshauri wa taaluma. Lakini maisha ya huyu mzee nimeyasoma kwa makini, na naona yanamhusu yeyote anayepanga kubeba masomo haya mawili kwa mpigo.

Walras alizaliwa Disemba 16, 1834 katika mji wa Évreux, eneo la Normandy kaskazini mwa Ufaransa. Baba yake, Auguste Walras, alikuwa mtu wa shule, mwalimu na msimamizi wa elimu, lakini roho yake ilikuwa kwenye uchumi. Mwaka wa 1831 alichapisha kitabu kuhusu asili ya utajiri na thamani. Hoja yake ilikuwa rahisi ukiisikia leo: kitu kina thamani kwa sababu kinafaa na pia ni adimu. Maji ya mto yanafaa sana lakini ni ya bure pale ambapo mto umejaa. Yakikauka, mtungi mmoja unauzwa. Waliokuwa wakisikilizwa enzi hizo walishikilia kwamba thamani inatokana na kazi iliyotumika, ama na manufaa ya kitu peke yake. Mzee Auguste hakusikilizwa.

Alikuwa na kitu kingine nyumbani. Auguste alikuwa amesoma pamoja na Antoine Augustin Cournot, mwanahisabati ambaye mwaka wa 1838 alitoa kitabu kilichotumia milinganyo kueleza bei na biashara. Kitabu hicho kilipuuzwa vibaya sana. Karibu hakuna aliyekinunua. Lakini nakala moja ilikuwa kwenye rafu ya akina Walras, na kijana Léon alikisoma akiwa na miaka kama 19.

Yaani mtoto alikulia katika nyumba yenye vitabu viwili ambavyo dunia ilikuwa imevikataa: kimoja cha uchumi, kingine cha uchumi kwa hesabu. Kuunganisha hivyo viwili ndiko kulikuja kuwa kazi yake ya maisha, ingawa wakati huo hakujua.

Wakati huo alichotaka ni kuingia École Polytechnique mjini Paris, shule iliyokuwa ikitoa wahandisi na maafisa wa serikali. Mlango wake ulikuwa mtihani, na mtihani wenyewe ulikuwa hesabu. Alijaribu 1853, akaanguka. Akarudi 1854, akaanguka tena. Mwaka ule katikati hakukaa bure. Alikuwa akisoma Descartes, Newton na Lagrange, wale wababe wenyewe, lakini mtihani hauulizi kama umesoma wababe. Unauliza kama unaweza kumaliza maswali yaliyo mbele yako kabla kengele haijalia. Wanafunzi wengi wa Kenya wanaijua hiyo tofauti kwa uchungu.

Basi akaingia shule ya uhandisi wa madini, École des Mines, na hapo pia moyo haukukaa. Mambo ya miamba na migodi yalimchosha. Alianza kutoroka masomo na kuandika hadithi, na mwisho akaacha kabisa. Mwaka wa 1858 akatoa riwaya yake, Francis Sauveur. Haikumfikisha popote. Fikiria hali nyumbani: kijana wa miaka 23, mitihani miwili imemshinda, shule ameacha, na sasa anasema yeye ni mwandishi. Mzazi yeyote angetafuta kiti akae.

Auguste hakumfokea. Jioni moja ya kiangazi mwaka huohuo wa 1858, baba na mwana walitoka kutembea kando ya mto Gave de Pau, kusini magharibi mwa Ufaransa karibu na milima ya Pyrenees. Mzee alimweleza kwamba karne yao ilikuwa imebakisha kazi mbili kubwa, kuijenga historia na kuijenga sayansi ya jamii. Ile ya pili ndiyo aliyokuwa ameihangaikia yeye mwenyewe maisha yake yote bila kuimaliza. Walipofika kwenye lango la shamba fulani, Léon akamwahidi baba yake kwamba angeachana na hadithi na kuichukua kazi hiyo. Alikumbuka lango hilo hadi uzeeni.

Ahadi ni kitu kimoja, mshahara ni kingine. Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuungaunga. Aliandika kwenye magazeti, akafanya kazi ya ukarani katika kampuni ya reli ya kaskazini, kisha akawa mmoja wa wakurugenzi wa benki ya vyama vya ushirika, kitu kama mama wa SACCO zetu, kilichokusudiwa kuwakopesha mafundi na wafanyakazi wadogo. Benki hiyo ilifungwa 1868. Baba yake alikuwa ameshafariki miaka miwili kabla ya hapo. Kila alipotafuta nafasi ya kufundisha uchumi nchini kwao, mlango ulikuwa umefungwa, maana viti vya somo hilo Ufaransa vilikuwa vichache na vilishikwa na watu wa kundi moja waliofikiri sawa na kuchaguana wenyewe kwa wenyewe. Huko nako kulikuwa na wenyewe.

Kilichomwokoa ni hotuba ya siku moja. Mwaka wa 1860 kulikuwa na kongamano la kodi mjini Lausanne, Uswisi, na kijana Walras alisafiri akaenda kuzungumza. Kwenye ukumbi alikuwapo mtu aitwaye Louis Ruchonnet, ambaye hakumsahau. Miaka ilipita, Ruchonnet akawa mkuu wa elimu katika jimbo hilo, na mwaka wa 1870, chuo cha Lausanne kilipofungua kiti kipya cha uchumi katika kitivo cha sheria, alimtumia Walras habari ajaribu bahati yake.

Jopo la uteuzi lilikuwa na watu saba: wakubwa watatu wa pale na maprofesa wanne wa uchumi. Wale watatu walimtaka. Maprofesa watatu kati ya wanne hawakumtaka. Kura ikabaki kwa mmoja, profesa kutoka Geneva, ambaye hakukubaliana na mawazo ya Walras lakini aliona ni vizuri mawazo hayo yafundishwe mahali. Akampigia. Nne kwa tatu. Ufaransa wakati huo ilikuwa vitani na Prussia, na Walras alilazimika kupata ruhusa ya serikali ndipo atoke nchini. Alifika Lausanne mwezi wa Disemba, mwezi aliotimiza miaka 36, bila shahada ya uchumi wala ya hesabu. Akaanza kufundisha.

Hapa tukae kidogo, maana ndipo kazi ilipo.

Swali lililokuwa likimsumbua ni hili. Bei ya unga inategemea nini? Utasema mavuno ya mahindi. Sawa, lakini pia inategemea bei ya mafuta ya lori, ambayo inategemea dola, na mtu akitumia pesa nyingi kwa unga anabakiwa na kidogo kwa sukari, kwa hivyo bei ya sukari nayo inatikisika, na mwenye duka la sukari akipata kidogo ananunua nyama kidogo. Ukivuta uzi mmoja nguo nzima inasogea. Sasa utaanzia wapi? Watu waliomtangulia walichukua soko moja na kuliangalia peke yake, kana kwamba mengine yamelala. Walras alitaka kuyaangalia yote pamoja, kwa wakati mmoja.

Maneno matupu hayawezi kufanya hivyo. Jaribu kueleza bidhaa kumi zinazosukumana na utachanganyikiwa kabla ya kufika ya nne. Milinganyo inaweza. Ukiwa na bidhaa kumi, chagua moja iwe kipimo, ubaki na bei tisa za kutafuta. Kila soko linakupa mlinganyo wake: kinachotakiwa kiwe sawa na kinachouzwa. Na hapa Walras aliona jambo zuri sana: masoko tisa yakitulia, la kumi lazima litulie lenyewe, kwa sababu kila shilingi inayotoka mkononi mwa mtu inaenda mahali. Kwa hivyo milinganyo huru ni tisa na bei zisizojulikana ni tisa. Zinalingana. Kwake hilo lilikuwa ishara kwamba jibu lipo.

Na soko lenyewe hulifikaje jibu hilo? Walras alitazama soko la hisa la Paris, ambapo bei inatajwa kwa sauti, wanaotaka na wanaouza wanajitokeza, na kama hawalingani bei inapanda ama kushuka kisha wanajaribu tena. Alisema masoko yote yanapapasa hivyo, kama mtu anayetafuta swichi gizani.

Lakini kulikuwa na shimo chini ya jengo lake. Alihitaji kuonyesha yale mahitaji yenyewe yanatoka wapi, yaani kwa nini mtu mmoja akiwa na pesa kiasi fulani anataka mandazi matatu na chai moja na si vinginevyo. Alijua kwa akili kwamba jibu linahusu ule uadimu wa baba yake. Alishindwa kuliandika kwa hesabu. Alikuwa ameshalijaribu tangu miaka ya Paris, na kila mara lilimgomea.

Mwaka wa 1872 alimwendea mwenzake wa chuoni, Antoine Paul Piccard, profesa wa mitambo. Piccard hakuwa mchumi. Alichukua tatizo, akaliona kuwa ni swali la kawaida la kutafuta kilele, akaandika maelezo mafupi akitumia kalkulasi, akampa. Jibu kwa lugha ya kibandani ni hili: ukiwa na shilingi mia moja, utagawa kati ya chai na mandazi hadi shilingi yako ya mwisho kwenye chai ikupe raha sawa na shilingi yako ya mwisho kwenye mandazi. Kama hazijalingana, utahamisha shilingi moja upande wa pili na uwe na furaha zaidi. Zikilingana, umefika.

Mtu wa mitambo alilitatua kwenye karatasi chache. Kwa mwanafunzi wa hisabati wa mwaka wa kwanza leo, hilo ni zoezi la Jumanne asubuhi. Kwa Walras lilikuwa limekula miaka. Naomba ulikumbuke hili ukifika sehemu ya ratiba ya kozi yako inayosema kalkulasi na ukaanza kuuliza kwani mchumi ataitumia wapi.

Sasa alikuwa na jengo zima. Mwaka wa 1873 alienda Paris kusoma kazi yake mbele ya Akademia ya sayansi za maadili na siasa. Walimpokea kwa ubaridi. Wachumi waliona hesabu imevamia shamba lao. Mwaka wa 1874 akatoa sehemu ya kwanza ya kitabu chake kikubwa, Éléments d'économie politique pure, na ya pili ikafuata 1877.

Na 1874 hiyohiyo ikamletea pigo. Aligundua kwamba Mwingereza William Stanley Jevons alikuwa ameshachapisha mwaka wa 1871 nadharia ileile ya raha ya kipande cha mwisho. Baadaye ikajulikana kwamba Carl Menger wa Austria naye alikuwa amefikia wazo hilo mwaka huohuo wa 1871, bila hesabu. Hebu jiweke mahali pake. Umeahidi langoni, umehangaika miaka kumi na sita, na ukifika unakuta mtu ameketi. Walras alikubali hadharani kwamba Jevons alimtangulia katika hilo. Kilichobaki chake, na ambacho wengine hawakuwa nacho, ni ile picha ya masoko yote kwa pamoja. Angemaliza lile zoezi la kalkulasi miaka mitano mapema, huenda vitabu vingesema mengine.

Kisa cha tatu ndicho kinachoniuma zaidi. Mwanzoni mwa 1877 Walras alikuwa anatafuta namna ya kueleza jinsi mwenye kiwanda anavyochagua kiasi cha kazi, ardhi na mtaji ili gharama iwe ya chini kabisa. Akamuuliza mwenzake mwingine, mwanahisabati Hermann Amstein. Amstein akamjibu kwa barua, akaliweka swali sawasawa, na akatumia mbinu ya Lagrange ya kutafuta kilele ama bonde pale ambapo kuna masharti ya kutimiza. Kilikuwa kile hasa alichohitaji. Nadharia ya uzalishaji ambayo wachumi wangeihangaikia hadi miaka ya 1890 ilikuwa kwenye hiyo barua.

Walras hakuielewa. Aliisoma, akashindwa kuona ilichobeba, akaiweka kando. Lagrange ndiye mmoja wa wale wababe aliojaribu kuwasoma akiwa kijana anayejiandaa kwa mtihani ule wa pili.

Ndiyo maana nikisikia mtu anapanga kozi ya uchumi na hisabati kwa kuhesabu masomo machache kabisa ya hesabu yatakayomvusha, namfikiria Walras na ile barua. Wazo alikuwa nalo, bidii alikuwa nayo, marafiki wa kumsaidia alikuwa nao. Alikosa vifaa mkononi mwake mwenyewe. Rafiki anaweza kukutatulia swali unalojua kuuliza. Hawezi kukuonea lile ambalo huwezi kuliona. Na vifaa vyenyewe vinajulikana: kalkulasi ya vigeu vingi, aljebra ya mistari, uwezekano na takwimu, na yale masomo ya uthibitisho ambayo wanafunzi huyakimbia kwa sababu hayana tarakimu. Kwa maoni yangu ukipata kozi inayokupa haya miaka miwili ya kwanza, hata kama uchumi wake ni mwembamba hapo mwanzo, ichukue. Uchumi unaweza kuusoma ukiwa umeketi kwenye matatu. Aljebra ya mistari ukiwa na miaka arobaini na watoto, sijui.

Lakini tusiuteremshe upande wa pili. Piccard na Amstein walikuwa na hesabu yote hiyo na hakuna aliyeanzisha lolote katika uchumi. Hawakuwa na swali. Swali lilitoka kwa mtu aliyekuwa amekulia kwa baba anayebishana kuhusu thamani, aliyeona benki ya ushirika ikifa mikononi mwake, aliyekaa ofisi ya reli kama karani. Ukichukua kozi hii kwa sababu wewe ni mkali wa hesabu tu, unaweza kumaliza miaka minne bila kujua unatafuta nini.

Maisha ya Lausanne yenyewe hayakuwa ya starehe. Mshahara wa profesa ulikuwa mdogo. Mke wake wa kwanza, Célestine, waliyeoana 1869, aliugua muda mrefu akafariki 1879, na madeni ya matibabu na ya kuchapisha vitabu yalirundikana. Ili kujaza pengo, Walras aliandika makala za magazeti na kukokotoa hesabu za kampuni ya bima. Angalau hesabu ililipa. Alioa tena 1884, na kipato cha mke wa pili kilimpunguzia mzigo.

Darasani nako alikuwa na tatizo ambalo hakulitatua. Kiti chake kilikuwa katika kitivo cha sheria. Wanafunzi walikuja kuwa mawakili, na huku mbele profesa anajaza ubao kwa milinganyo. Wa hisabati walikuwa jengo lingine wakisoma mambo yao. Shahada inayobeba masomo yote mawili ilikuwa haipo, kwa hivyo mtu wa kurithi kazi yake ilibidi atoke nje. Walras akaamua kumtafuta kwa posta. Aliandika barua kwa maelfu, kwa yeyote Ulaya na Marekani aliyeonekana kujua hesabu na kuwa na moyo wa uchumi, na kuwatumia vitabu vyake kwa gharama yake mwenyewe. Wengi hawakujibu. Hatimaye akampata Vilfredo Pareto, Mwitaliano aliyesomea uhandisi Turin na kufanya kazi katika reli na viwanda vya chuma. Walras alistaafu 1892, na 1893 Pareto akakalia kiti chake. Walikuja kutoelewana, maana Pareto alikuwa na hesabu bora na hakuwa na subira na ndoto za mzee kuhusu haki katika jamii.

Ndoto hizo usizipuuze. Walras alishikilia kama baba yake kwamba ardhi ni ya wote, na kwamba serikali inunue ardhi yote, iikodishe, na kodi hiyo iendeshe nchi bila kugusa mshahara wa mtu. Ukitazama payslipi yako na makato yake, utaelewa kwa nini wazo hilo lina utamu, ingawa nikifikiria nani angekuwa anashika hizo hati za ardhi hapa kwetu napata baridi. Aliamini mpango wake ungeondoa ushuru na kuleta amani kati ya mataifa, kiasi kwamba wenzake wa Lausanne, kwa kusukumwa na yeye mwenyewe, walipeleka jina lake kwa Tuzo ya Nobel ya Amani ya 1906. Ikaenda kwa Theodore Roosevelt.

Mwaka wa 1901, akiwa na miaka 66, alimwandikia Henri Poincaré, mwanahisabati mkubwa kuliko wote Ufaransa wakati huo. Alitaka kujua jambo moja: je, ni halali kutumia hesabu kwenye raha ya mtu, kitu ambacho huwezi kukipima kwa mizani? Poincaré alimjibu kwa heshima kwamba ni halali, ilimradi mambo yasiyopimika yasibaki kwenye jibu la mwisho. Kisha akamgusia mahali penye kidonda. Milinganyo hiyo inamchukulia binadamu kuwa mbinafsi kabisa na mwenye kuona mbele kabisa. La kwanza linaweza kupita kama makadirio ya kuanzia. La pili, alisema, lingehitaji tahadhari. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, wachumi bado wanabishana hapohapo.

Juni 1909 chuo cha Lausanne kilimfanyia sherehe na kuweka kumbukumbu ya jina lake. Alifariki Januari 5, 1910 huko Clarens, kando ya ziwa la Geneva, akiwa na miaka 75.

Alikuwa ameacha deni moja la hesabu. Kuhesabu kwamba milinganyo na visivyojulikana ni sawa kwa idadi hakuthibitishi kwamba jibu lipo. Jibu linaweza kuwa halipo kabisa, ama likatoka na bei iliyo chini ya sifuri. Walras hakuwa na vifaa vya kulilipa. Abraham Wald, mwanahisabati wa Vienna, alianza kulilipa miaka ya 1930. Mwaka wa 1954 Kenneth Arrow na Gérard Debreu wakathibitisha kwamba, kwa masharti fulani, ile hali ya masoko yote kutulia pamoja ipo kweli. Arrow alikuwa amesomea hisabati kabla ya kuhamia uchumi. Debreu alifunzwa hisabati Paris wakati wa vita vya pili vya dunia. Wote wawili walipata Nobel ya uchumi, mmoja 1972 na mwingine 1983.

Mwaka huohuo wa 1954, kitabu cha Walras kilitoka kwa Kiingereza kwa mara ya kwanza, kikiwa kimetafsiriwa na William Jaffé. Kilikuwa kimetimiza miaka 80 tangu sehemu yake ya kwanza ichapishwe.